Wito kwa Wenye Pinde: Tunoe Kwanza

Ndugu zangu mnaosema Kiswahili na kuishi Marekani, ninyi wa Columbus na Des Moines, wa Houston, wa Portland kule Maine, mliokwisha kununua upinde na sasa kila jioni mnalenga shabaha ya povu nyuma ya nyumba: msimu wa kulungu unabisha hodi. Minnesota huufungua katikati ya Septemba, Michigan tarehe 1 Oktoba, na majimbo mengine yanafuatana. Wengi wenu mmeshapita darasa la uwindaji na leseni ipo mfukoni. Nawaletea ombi moja tu, na nalisema kwa moyo wote. Asiingie porini mtu yeyote wa kwetu akiwa na chembe butu mbele ya mshale wake.

Nawaambia hasa wenye pinde za jadi, zile ndefu zilizonyooka na zile zenye ncha zilizopinda kwenda mbele, zisizo na magurudumu. Upinde wa kisasa wenye magurudumu hurusha mshale kwa kasi ya mita 85 kwa sekunde na hata zaidi. Wetu, wa uzito wa kuvuta wa ratili 45 au 50, hurusha mita 50 na kidogo. Ukikumbuka kwamba nguvu ya mshale hufuata mraba wa kasi yake, utaona tofauti ni kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha, hata kama mishale yetu ni mizito zaidi. Mwenye magurudumu ana nguvu ya ziada ya kufidia kasoro. Sisi tegemeo letu ni makali.

Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Kulungu aliyepitishwa chembe kikali katikati ya mapafu yote mawili hukimbia kidogo, mara nyingi chini ya mita 100, miguu ikaisha nguvu akaanguka, yote ndani ya sekunde chache. Chembe butu hufanya kazi nyingine kabisa. Mishipa ya damu hunyumbuka. Ikisukumwa na chuma kisichokata husogea kando, kama ganda la nyanya linavyobonyea chini ya kisu butu. Na hata pale inapopasuka, kidonda chenye kingo zilizoraruka huanza kugandisha damu mapema kuliko kilichokatwa safi. Hapo ndipo unapata kulungu anayekwenda nusu maili, anavuka barabara, anakesha na maumivu kwenye kichaka cha mtu asiyekujua, na asubuhi hakuna tone la damu la kukuongoza.

Najua wengi wetu tumelelewa na hadithi za wapiga mishale. Waata wa nyika ya Tsavo walivuta pinde zilizozidi ratili 100 na kumwangusha tembo. Wakamba walisifika mbali kwa mishale yao. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Lakini tukumbuke sumu. Mishale mingi ya wazee hao ilipakwa utomvu uliochemshwa, sumu inayouvuruga moyo wa mnyama hadi unasimama. Katika mshale wa namna hiyo kazi ya chembe ni kuifikisha sumu kwenye damu na kubaki humo, ndiyo maana vingi vina vijino vinavyozuia kuchomoka. Wahadzabe wenyewe wanaijua tofauti vizuri: mshale usio na sumu huupa chembe kipana cha umbo la jani, chenye makali pande zote mbili. Huku Marekani sumu imepigwa marufuku karibu kila jimbo, na majimbo mengi yanakataza pia chembe chenye vijino. Tulichorithi kinachotufaa huku ni subira, kunyata, kusoma upepo na kukaribia hadi hatua ishirini. Kazi iliyokuwa ya sumu imebaki kwa makali peke yake.

Kwa Waislamu miongoni mwetu, jambo hili lina uzito mwingine tena. Adi bin Hatim alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kuwinda kwa fimbo ya kurusha. Jibu, kwa maana yake, lilikuwa kwamba kilichotobolewa kwa ncha yake ni halali kuliwa, na kilichouawa kwa kupigwa na ubavu wake kisiliwe, kwa kuwa hicho ni sawa na mnyama aliyekufa kwa kipigo. Masharti kamili waulizeni mashekhe wenu, pamoja na kutaja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia ugwe. Mimi nakumbusha tu kwamba suala la chuma kinachopenya na chuma kinachogonga lilijadiliwa na watu makini karne nyingi kabla yetu, na walilichukulia kama suala la uhalali wa chakula.

Halafu kuna hii ruhusa yenyewe tunayoitumia. Tusiichukue kama kitu kilichokuwepo siku zote. Wenyeji wa asili wa bara hili waliwinda kulungu kwa upinde maelfu ya miaka. Walipofukuzwa katika ardhi zao, ujuzi mwingi ulipotea pamoja nao. Mwaka 1911, karibu na Oroville, California, alitokea mtu mmoja aliyekuja kuitwa Ishi, wa mwisho wa watu wake, Wayahi, ambao walowezi walikuwa wamewaua. Akapelekwa San Francisco, na huko akawa rafiki wa daktari wa upasuaji aliyeitwa Saxton Pope. Ishi alichonga vyembe vyake kwa jiwe la volkeno na kwa kioo cha chupa, akamfundisha daktari huyo kutengeneza upinde, kunyata na kungoja. Ishi alifariki mwaka 1916. Pope aliandika kitabu juu ya yale aliyojifunza, na mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young walifika hata Tanganyika kuwinda simba kwa mishale.

Katika miaka hiyo wengi walitia shaka kama mshale unaweza kumwangusha kulungu bila kumtesa. Wapiga mishale ilibidi wathibitishe, mnyama kwa mnyama, hadi mwaka 1934 Wisconsin ilipowatengea msimu wao wenyewe. Leo karibu kila jimbo lina msimu wa upinde, na ipo miji, Duluth ya Minnesota ukiwa mmojawapo, inayoruhusu upinde ndani ya mipaka yake ili kupunguza kulungu waliozidi. Ruhusa ya namna hiyo hukaa kwenye mikono ya majirani. Inatosha kulungu mmoja akatize uwanja wa shule na mshale umemning'inia ubavuni, picha ikasambaa, na mkutano wa baraza la mji wa mwezi unaofuata ukajaa hasira. Na aliyerusha akiwa ni mgeni mwenye lafudhi kama yetu, hasira hiyo haitaishia kwake. Nasema hivi kwa sababu nataka watoto wetu waikute ruhusa hii ikiwa salama, na jina letu likiwa safi katika vijiji na miji iliyotupokea.

Basi tuje kwenye chuma chenyewe.

Dukani mtaonyeshwa vyembe vya aina nyingi, na vinavyong'aa zaidi ni vile vinavyokunja makali yake na kuyafungua vikimgusa mnyama. Viacheni. Kufunguka huko hula nguvu, na nguvu ndiyo upinde wetu hauna ya kupoteza. Chukueni chembe kisichofunguka wala kukunjika, ambacho makali yake yanaanzia kwenye ncha kabisa, ili kikate tangu kinapogusa ngozi. Ed Ashby, Mmarekani aliyefanya majaribio ya mishale kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, aliendelea kukuta jambo lile lile: chembe cha makali mawili, chembamba na kirefu, urefu wake karibu mara tatu ya upana, kikiwa imara na juu ya mshale mzito, hupenya kuliko vingine. Alipenda hasa kile ambacho kila makali yamenolewa kwa upande mmoja tu, kwa kuwa hujizungusha kinapopenya na kupasua mfupa. Ukichagua hicho, hakikisha upande ulionolewa unakubaliana na mzunguko wa manyoya ya mshale wako: manyoya ya bawa la kulia na chembe cha kulia, ya kushoto na cha kushoto. Ukivichanganya, mshale utazunguka upande mmoja hewani na upande mwingine ndani ya nyama, na ile faida unailipia bure.

Kipo pia chembe cha makali matatu. Hukata tundu kubwa zaidi na damu humwagika vizuri, ila hudai nguvu zaidi kupenya. Ushauri wangu ni huu. Upinde wako ukiwa chini ya ratili 45, shika makali mawili bila kusitasita. Ukizidi hapo na huu ukiwa mwaka wako wa kwanza, anza na makali matatu, kwa sababu kukinoa ni rahisi kiasi kwamba ni vigumu kukosea, na chembe cha makali matatu kilichonolewa kinakishinda kwa mbali cha makali mawili kilichoachwa butu.

Uzito, kwa upinde wa jadi, kuanzia greni 125 hadi 200, yaani gramu 8 hadi 13, ni mzuri. Mimi huegemea kwenye uzito wa juu, maana mshale mzito mbele hutulia njiani. Upana, majimbo mengi yanadai usipungue inchi 7/8, karibu milimita 22. Soma kanuni za jimbo lako za mwaka huu kabla ya kununua. Bei isiwatishe wala isiwadanganye. Vyembe vya Zwickey, kwa mfano, ni vya kawaida kabisa kwa sura, vimetumika kwa miongo mingi na havifilisi mtu. Cha dola nyingi kinachotoka kwenye boksi bado kinahitaji kuguswa na jiwe lako, na tafadhali msiamini maneno ya kwenye boksi kwamba kimeshanolewa. Kijaribuni kwanza.

Kabla ya kunoa, nyoosha. Funga chembe kwenye uti wake, simamisha mshale kwa ncha juu ya kipande cha ubao na uuzungushe kwa vidole. Ncha ikiyumba, chembe hakikukaa sawa, na hakuna makali yatakayouponya mshale unaopinda njiani. Kilichogundishwa kipashe moto kidogo, ukizungushe, ujaribu tena.

Kisha chukua tupa bapa ya meno ya wastani, mpya au iliyosafishwa kwa brashi ya waya. Paka mteremko wa makali kwa kalamu ya wino mzito. Wino huo ndio mwalimu wako: ukipitisha tupa mara moja na kuangalia, utaona palipofutika na palipobaki. Pakifutika karibu na mgongo tu, umeilaza tupa mno. Pakifutika ukingoni tu, umeisimamisha mno. Pembe ya digrii 25 hivi inafaa kwa chembe cha makali mawili, lakini ni bora zaidi kuufuata mteremko ule ule aliouweka fundi kiwandani kuliko kubuni wako. Piga kwa mkono thabiti, kutoka kitako cha chembe kuelekea ncha, ukiinua tupa wakati wa kurudi. Pande zote zipate mapigo sawa. Endelea hadi ukingo mwembamba wa chuma ujipinde kuelekea upande wa pili. Utausikia ukipitisha kidole gumba kwa kukatiza makali, na nawasihi, kamwe msikipitishe kwa urefu wake. Usipousikia ukingo huo kuanzia kitako mpaka ncha, hujafika, na kubadilisha jiwe hakutakusaidia. Hapa ndipo wengi huchoka mapema, wakakimbilia jiwe laini na kung'arisha chuma ambacho bado ni butu.

Ukingo ukishapatikana, shika kinoo laini chenye tone la mafuta au maji, kulingana na aina yake. Punguza uzito wa mkono kila unapogeuza upande, hadi mwisho ni uzito wa chembe chenyewe tu kinachoteleza juu ya jiwe. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume ili makali yafuate nyuma yasiichimbe ngozi. Wapo wawindaji wakongwe wanaosema makali yaachwe na meno madogo ya tupa, kwamba hukata nyama vizuri zaidi, na mjadala huo ni wa miaka mingi. Mimi nimesimama upande wa makali laini, kwa sababu yanateleza kwenye mshipa na kuukata kabla haujasogea.

Cha makali matatu hakina haja ya hesabu ya pembe. Kilaze juu ya tupa iliyo bapa mezani, makali mawili yakigusa kwa pamoja, ukisukume mbele ukiwa umekikamata kwa uti wa mshale. Geuza jozi inayofuata, kisha nyingine, halafu rudia juu ya jiwe na juu ya ngozi. Pembe inajipanga yenyewe.

Vipimo ni rahisi, na kila mmoja wenu anavyo nyumbani. Chembe kinyoe vinyweleo vya mkono kwa mguso mwepesi. Kikate ukingo wa gazeti lililoning'inizwa bila kulirarua. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mpira wa kufungia noti: uvute kidogo juu ya kopo tupu, uuguse kwa makali bila kukandamiza. Ukikatika pale pale, ndivyo mshipa utakavyokatika. Ukibonyea na kuteleza, rudi kwenye jiwe, hata kama kesho ndiyo siku ya kufungua msimu.

Makali yakishapatikana yalindwe. Umande wa asubuhi moja huweza kuanzisha kutu, kwa hiyo pakeni mafuta ya mgando au mafuta ya cherehani na mkague kila jioni baada ya mvua. Podo ambalo vyembe vinasuguana ndani yake huharibu kazi ya saa nzima katika safari ya dakika kumi ndani ya gari, basi kila chembe kiwe na nafasi yake. Wekeni kimoja cha mazoezi, cha aina ile ile na uzito ule ule, mkipige kwenye povu hadi mjue kinakoenda. Kilichopigwa kwenye povu au ardhini hakirudi podoni kabla ya kunolewa upya. Wenye watoto nyumbani, fungieni vyembe kwenye sanduku lenye kufuli, si juu ya kabati.

Siku yenyewe ikifika, ngojeni ubavu. Kulungu akikutazama uso kwa uso, mwache. Akiwa umbali unaouzidi ule ambao mishale yako yote huingia ndani ya duara la sahani, mwache. Ukisharusha, kaa kimya nusu saa kabla ya kufuata, na ukiona majani yana uchafu wa tumbo pamoja na damu, ngoja saa nyingi zaidi, usimfukuze mnyama anayetafuta pa kulala.

Sasa ombi lenyewe, ndugu zangu, kwa vitendo. Kila mnaponunua upinde au vyembe huku, asilimia 11 ya bei ya kiwandani ni ushuru wa serikali kuu. Sheria yake ni ya mwaka 1937 na vifaa vya upinde viliongezwa mwaka 1972. Fedha hizo hurudi majimboni kulea wanyama na misitu. Tayari mnachangia, basi mnayo haki ya kusimama kama wenyeji. Teueni Jumamosi moja kabla ya msimu, katika gereji ya mmoja wenu, uwanja wa msikiti au ukumbi wa parokia, mwiteni kila mwenye upinde anayeongea lugha yetu, na jirani Mmarekani mkongwe wa fani naye mwalikeni, maana wengi wao hufurahi kufundisha. Mtangulizeni mgeni kwenye tupa. Wekeni sharti moja: hakuna chembe kinachoondoka pale hakijaukata ule mpira. Siku hiyo hiyo andikeni nani atamsaidia nani kutafuta kulungu aliyejeruhiwa, usiku na mvua vikiwemo, na namba zao za simu zibandikwe pale. Nyama ikizidi mahitaji ya nyumbani, ipo mipango ya kuwapelekea wenye njaa, kama Hunters Sharing the Harvest ya Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1991, na Farmers and Hunters Feeding the Hungry, iliyoanzia Maryland mwaka 1997. Ulizeni bucha inayopokea karibu nanyi mapema, kabla friji hazijajaa.

Leteni tupa, vinoo, mikanda ya ngozi, brashi ya waya, kalamu ya wino, mafuta na plasta za vidonda. Na mwenye vyembe vya ziada avilete pia, kwa sababu watakuwepo vijana watakaofika na kimoja tu.